CHETI KIKO UKUTANI, MFAMASIA YUKO WAPI?

Leo twapenda kusema juu ya duka la dawa. Si hospitali wala zahanati, ambazo tumekwisha kuziandika mara nyingi katika ukurasa huu, bali duka lile dogo la pembeni mwa barabara, lenye msalaba wa kijani mlangoni, ambalo mfanyakazi hulipitia jioni atokapo kazini kwa kuwa ndilo lililo karibu, halina foleni, wala halimwulizi maswali mengi. Kwa wengi wetu duka hilo ndilo hospitali ya kwanza. Mtoto akikohoa, au tumbo likimsokota mama usiku, mtu haanzi kwa daktari. Huanzia dukani, na mara nyingi huishia huko huko.

Mwezi uliopita jirani wa mmoja wetu, mchukuzi wa mizigo anayelipwa kwa siku, alikwenda katika duka la namna hiyo kumnunulia dawa mtoto wake wa miaka mitatu aliyekuwa akikohoa na kuhema upesi upesi. Mwenzetu alifuatana naye. Nyuma ya meza ya duka alikuwako binti wa umri wa miaka ishirini hivi, mpole na mwenye adabu. Hakuuliza mtoto ana uzito gani, wala anapumua vipi, wala kama amewahi kudhuriwa na dawa yoyote. Aliuliza: “Baba, una shilingi ngapi?” Baba akataja alichokuwa nacho. Binti akafungua kopo kubwa, akatoa kwa vidole vyake vidonge vinne vya amoksilini, vya rangi mbili, vya mtu mzima, akavifunga katika kipande cha gazeti, akaagiza kwamba kila kimoja kifunguliwe na unga wake ugawanywe mara mbili katika uji. Gazeti lenyewe, hatuna haja ya kuficha, lilikuwa hili letu.

Juu ya kichwa cha binti huyo, ndani ya kioo chenye fremu safi, palikuwa pametundikwa cheti cha mfamasia aliyesajiliwa. Mwenzetu akauliza mfamasia yuko wapi. Akajibiwa kuwa yupo. Alipouliza tena, yupo wapi hasa, binti akageuka akatazama ukutani.

Siku ya tatu mtoto alifikishwa hospitali akiwa na nimonia, mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Alilazwa, akapewa oksijeni na sindano, na leo, twashukuru, anacheza. Baba yake alipoteza siku sita za kazi, na siku sita kwa mtu wa kibarua ni kodi ya chumba.

Hatusimulii habari hii ili tumlaumu binti yule. Yeye alifanya alivyofundishwa, na alivyofundishwa ni kuuza. Twaisimulia kwa sababu ukizunguka katika mitaa ya mji wowote mkubwa wa nchi yetu utaikuta habari hiyo hiyo, isipokuwa pengine mwisho wake si wa kushukuru. Tena lililotushitua si upungufu wa sheria. Sheria ilikuwapo, leseni ilikuwapo, cheti kilikuwapo na kioo chake kimefutwa vumbi. Aliyekosekana ni yule mtu ambaye sheria, leseni na cheti vyote vilitungwa kwa ajili yake.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini sheria ikamtaka mtu huyo. Ukinunua mchele wenye mawe, utajua jioni ile ile ukiwa mezani, na kesho hutarudi kwa mwuzaji yule. Ukinunua kitambaa kibovu, kitachujuka ukikifua. Mnunuzi ana macho, ana ulimi, ana kumbukumbu, na hizo ndizo silaha zake sokoni. Lakini mbele ya dawa silaha hizo zote ni butu. Kidonge cha chaki na kidonge cha dawa vyaweza kulingana rangi, ukubwa na hata chapa. Dawa iliyokaa juani miezi mitatu haibadiliki sura. Na aliyepewa dawa isiyomfaa, akipona, husema dawa imemponya; asipopona, husema ugonjwa ulikuwa mkali. Mgonjwa hawezi kumhukumu mwuza dawa. Ndiyo sababu taifa likaamua kuweka kati ya mgonjwa na rafu mtu mwenye elimu, aliyekula kiapo cha kazi yake, awezaye kufutiwa usajili akikosa, awe ndiye macho ya yule asiyeona.

Wala hatuwezi kusema kwamba nchi hii imelala. Ilikuwapo Sheria ya Famasi na Sumu ya mwaka 1978. Ikaja sheria ya mwaka 2003 iliyounda mamlaka ya kusimamia chakula, dawa na vipodozi, ambayo tangu mwaka 2019 imekuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ikaja Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, inayoliweka Baraza la Famasi katika kazi ya kuwasajili wataalamu na kuyasimamia maduka yenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mamlaka yetu ya dawa imefika ngazi ya tatu ya ukomavu, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza katika Afrika kupewa cheo hicho. Hilo si jambo dogo. Maana yake ni kwamba dawa inapoandikishwa, inapopimwa maabara na inapokaguliwa bandarini, kazi hiyo inafanywa kwa kipimo ambacho mataifa mengine wanakiamini. Twaona fahari.

Walakini mkaguzi wa bandarini hayuko nyuma ya meza ya duka saa moja jioni. Dawa yaweza kutoka kiwandani ikiwa njema, ikavuka bahari ikiwa njema, ikapita maabara ikiwa njema, kisha ikaharibiwa katika hatua kumi za mwisho, baina ya rafu na mkono wa mgonjwa. Hatua kumi hizo ndizo tunazozisema leo.

Tuanze na joto. Dawa nyingi zimeandikwa kwamba zihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi 30. Nani asiyejua joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari chini ya bati lisilo na dari? Mwenye duka aliyeweka dari, feni na kipimajoto ukutani amefanya kazi ya uganga, hata kama haonekani kufanya lolote. Ziko dawa nyingine zinazotaka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8: insulini ya mwenye kisukari, na oksitosini, ile sindano inayomzuia mzazi asivuje damu hata kufa. Sasa tumewahi kuingia katika duka ambamo jokofu la dawa lilikuwa limejaa soda na maji ya kunywa, na insulini imebanwa mlangoni. Tumesikia pia, kwa kinywa cha mwuzaji mwenyewe, kwamba usiku jokofu huzimwa ili kuokoa umeme wa LUKU. Mgonjwa wa kisukari ataichoma insulini hiyo asubuhi kwa uaminifu wote, na sukari yake yaweza isishuke ipasavyo, na daktari aweza kuongeza kipimo akidhani ugonjwa umezidi. Kisha siku atakayonunua insulini nzima katika duka jingine, kipimo kile kilichoongezwa chaweza kumwangusha akazimia. Hebu fikirini: shilingi ngapi za umeme ziliokolewa?

Jambo la pili ni kitabu. Wako wanaodhani kwamba kuandika kila dawa iliyouzwa, na namba ya toleo lake, na jina la aliyepewa, ni urasimu uliozuliwa ili kumchosha mfanya biashara. Kwa hao twapenda kukumbusha yaliyotokea mbali na hapa. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza dawa ya salfa iliyo katika hali ya maji, tamu, ifaayo watoto. Mkemia wake akaiyeyusha katika diethilini glaikoli, kitu kitamu lakini sumu kali ya figo. Waliionja ladha, wakaitazama rangi, wakainusa. Sumu hawakuipima, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuwalazimisha. Watu zaidi ya 100 walikufa, baadhi yao wakiwa watoto. Galoni 240 zilikuwa zimetengenezwa, na wakaguzi wa serikali wakatawanywa nchi nzima kuzitafuta. Walifanikiwa kuzikamata galoni 234 na kitu. Wangewezaje bila karatasi? Walifuata hati za mauzo kutoka kiwandani mpaka kwa wauzaji wa jumla, kutoka huko mpaka kwa wafamasia na madaktari, na kutoka hapo mpaka chupa iliyokuwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Palipokuwa na maandishi, walifika upesi. Palipokuwa hapana, walibaki kuuliza mlango kwa mlango, na sumu ikiwatangulia. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapata sheria mpya ya dawa.

Mtu aweza kusema hayo ni ya zamani. Basi na asikie ya mwaka 2022. Katika nchi ya Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa kuharibika figo baada ya kunyweshwa dawa za maji za kikohozi na homa zilizotoka nchi za nje, na ndani yake ilikutwa sumu ile ile ya mwaka 1937 pamoja na nduguye, ethilini glaikoli. Mwaka huo huo Indonesia nayo ilizika watoto wapatao 200 kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Huko Gambia watu wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakizikusanya chupa. Twauliza: kama balaa hilo lingetua hapa kwetu, na Mamlaka ikatangaza redioni kwamba toleo fulani la dawa fulani lirudishwe, binti yule wa duka angemtafuta wapi mchukuzi wetu? Hakuandika jina lake. Hakumpa risiti. Vidonge alivyompa vilitoka katika kopo, vikafungwa katika karatasi isiyo na namba ya toleo, isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, isiyo na hata jina la dawa. Baba yule alitoka dukani na vidonge visivyo na jina wala baba.

Na dawa mbaya ziko, tusijidanganye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za hali kama yetu, takriban dawa moja katika kila kumi ama ni bandia ama haikufika kipimo. Sisi wenyewe mwaka 2012 tulishuhudia aibu ya dawa bandia za kupunguza makali ya Ukimwi kukutwa zimefika mpaka hospitali ya serikali. Ikiwa ziliweza kupita katika bohari zenye walinzi na vitabu, je, katika duka linalonunua mzigo kwa mtu asiyejulikana, anayekuja na begi mgongoni na bei nafuu? Mfamasia wa kweli anunuapo dawa hutaka ankara, hutazama muhuri, hulinganisha namba ya boksi na ya chupa, hunusa udanganyifu kabla haujaingia rafuni. Cheti kilichotundikwa hakinusi kitu.

Sasa tuje katika jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalowagusa wafanyakazi kuliko yote, nalo ni dozi nusu. Tusiseme uongo: maskini hanunui nusu kwa ujinga. Hununua nusu kwa sababu mfukoni ana nusu. Dawa mseto ya malaria, kwa mtu mzima, ni vidonge 24: vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, na cha pili kikifuata baada ya saa nane tangu cha kwanza, tena ni vema mtu awe amekula. Mtu hupata nafuu siku ya pili. Akipata nafuu, vidonge vilivyobaki huviweka kwa ajili ya mtoto. Na mwuzaji asiyejua, au anayejua lakini hajali, humkatia vidonge vinane akamwambia “anza na hivi, kesho utakuja”. Kesho haji.

Sisi tuliokuwa shuleni miaka ya themanini na tisini twaikumbuka klorokwini, uchungu wake ulimini na mwasho wake ngozini. Ilitibu, kisha ikaacha kutibu. Mwaka 2001 serikali ikalazimika kuiacha na kuweka SP mahali pake, nayo SP haikudumu. Mwaka 2006 ikaingia dawa mseto. Dawa mbili zilizokuwa rahisi kwa kabwela zilituponyoka katika muda mfupi mno. Na sasa hata katika dawa mseto dalili zimeanza kuonekana: usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umekwisha kuthibitishwa katika Rwanda, Uganda, Eritrea na hapa kwetu, katika Mkoa wa Kagera. Kwa upande wa dawa za kuua bakteria hali ni hiyo hiyo, na pengine mbaya zaidi. Wataalamu waliokadiria vifo vya dunia nzima walipata kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria waliokwisha kuwa sugu. Hatuwezi kusema kwamba usugu wote umetoka katika maduka ya dawa. Hospitali nazo zina sehemu yake, na mifugo nayo. Lakini kila kidonge cha amoksilini kinachouzwa kimoja kimoja kwa mafua, ambayo amoksilini haiyatibu kabisa, ni fundisho la bure tunalowapa wadudu.

Yatupasa tuwasikilize na wenye maduka, maana si wote ni watu wabaya, na baadhi yao wana sababu za kusema. Wanasema: mfamasia ni ghali. Wanasema: nchi haina wafamasia wa kutosha. Wanasema: nikikataa kuuza bila karatasi ya daktari, mteja atavuka barabara, atanunua kwa jirani, nami nitafunga.

La kwanza na la pili yalikuwa na nguvu siku zilizopita, wakati vyuo vya kufundisha wafamasia vilipokuwa vya kuhesabika kwa kidole kimoja. Leo vyuo vimeongezeka, na wako vijana wenye shahada ya famasi wanaozunguka mjini na bahasha za maombi ya kazi. Mwenye duka huyo huyo anayelia kuwa mfamasia hapatikani, humlipa mfamasia mwingine kila mwezi fedha kidogo kwa kukodi cheti chake tu. Naye mfamasia huyo, aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima, hupokea fedha hizo kwa kazi asiyoifanya, na yaelekea hajui hata duka liko mtaa gani. Sisi twaona hilo ni unyonyaji, na wanyonyaji ni wawili. Mmoja auza jina, mwingine alinunua, na anayelipa ni mgonjwa.

Kuhusu vijijini, tunakubali kwamba hatuwezi kumweka mfamasia katika kila kijiji, wala si leo wala si kesho kutwa. Lakini hapo nchi hii ilikwisha kuonyesha njia. Zamani vijiji vilikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa ndogo ndogo tu, lakini nyuma ya pazia yakiuza kila kitu. Badala ya kuyafunga na kuwaacha watu bila dawa, au kuyafumbia macho, mwaka 2003 serikali ilianzisha mkoani Ruvuma jaribio la Duka la Dawa Muhimu. Mwenye duka alitakiwa atengeneze jengo, mwuzaji apelekwe mafunzo ya majuma kadhaa, na duka lipewe orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza, zikiwamo baadhi ya zile za karatasi ya daktari, kwa kuwa ukweli ni kwamba watu walikuwa wakizihitaji. Wengi wa wauzaji hao walikuwa akina mama. Mpango huo ukaenea mikoa yote ya Bara, na nchi za Uganda na Liberia zikaja kujifunza na kuanzisha za kwao. Tunasema hivi: mama wa Songea aliyesoma majuma machache, akajua kumwuliza mzazi uzito wa mtoto na kumwonyesha jinsi ya kuyeyusha pakiti moja ya chumvichumvi katika lita moja ya maji safi, na kwamba madini ya zinki yaendelee siku kumi mpaka kumi na nne hata kama kuhara kumekoma, mama huyo ni bora kuliko cheti cha shahada kisicho na mwenyewe.

La tatu, la mteja kuvuka barabara, ndilo zito. Ni kweli. Mwenye duka mmoja mwaminifu katika mtaa wa wasio waaminifu ataumia. Ndiyo maana hatuamini kwamba jambo hili litatengenezwa kwa mahubiri. Litatengenezwa ikiwa maduka yote ya mtaa mmoja yatakaguliwa siku moja, kwa kipimo kimoja, bila kuulizwa ni la nani.

Na hapa, ndugu wasomaji, inatubidi tuseme neno ambalo baadhi ya wakubwa hawatalipenda kulisoma katika gazeti hili. Maduka ya dawa katika miji yetu ni ya nani? Baadhi ni ya waganga wenyewe, na baadhi ni ya wafanya biashara wa kawaida. Lakini baadhi ni ya watu wenye kadi kama zetu, wenye vyeo, ambao majina yao hayaandikwi katika leseni bali huandikwa ya shemeji. Mkaguzi kijana akilifunga duka la namna hiyo saa nne asubuhi, saa tano simu hulia ofisini kwa mkuu wake, na saa nane duka huwa wazi. Tumewasikiliza wakaguzi, hawalalamiki juu ya sheria, hulalamika juu ya simu. Wengine wameacha kuingia katika mitaa fulani. Hatutaji mtu, kwa kuwa gazeti si mahakama. Lakini mwanachama anayesimama mkutanoni akidai afya kwa wote, kisha jioni akapiga simu kufungua duka lisilo na mfamasia, anajua kwamba tunamsema yeye.

Nini basi kifanyike? Hatuna haja ya sheria mpya. Tunazo za kutosha kujaza kabati. Twashauri kwamba kando ya kila cheti ukutani iwekwe picha ya mfamasia mwenyewe na saa anazokuwapo dukani, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili, ili kila mwananchi aweze kulinganisha sura na picha. Hilo halihitaji mkaguzi. Linahitaji macho, na macho tunayo. Twashauri kwamba dawa iliyotolewa katika kopo itiwe katika bahasha iliyoandikwa jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na jinsi ya kuitumia, na asiyeweza kuandika hayo asihesabu vidonge. Twashauri kwamba bei ya dozi nzima ya dawa za kawaida ibandikwe, na vyama vya wafanyakazi vizungumze na waajiri juu ya namna kibarua asiye na bima atakavyoweza kuimaliza dozi, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na kibarua wa kulipwa kwa siku ndiye aliye mgumu kuliko wote kumwingiza ndani yake. Wajumbe wa mashina nao, wanaojua kila mlango katika mtaa wao, wanajua pia dawa zenye alama ya serikali zinauzwa wapi baada ya kutoka zahanati kwa mlango wa nyuma. Hilo wasingoje kuulizwa.

Kwa Baraza la Famasi tuna ombi moja. Mfamasia anayekodisha cheti achukuliwe hatua yeye kwanza, kabla ya mwenye duka. Duka likifungwa, hufunguliwa jingine kwa jina jingine. Mfamasia akifutiwa jina lake katika daftari, hana jina jingine la kukodisha.

Juma lililopita mwenzetu alirudi katika duka lile. Cheti kilikuwa pale pale, na binti yule yule. Alimkumbuka, akauliza habari za mtoto, na alipoambiwa kwamba alilazwa, alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema kwamba ameomba mara mbili apelekwe kwenye mafunzo, na mara mbili ameambiwa angoje mpaka mauzo yapande. Juu ya meza, karibu na kopo, palikuwa na gazeti letu la siku hiyo, halijakatwa bado. Mwenye duka, alisema, hulisoma kila asubuhi kabla ya kwenda shughuli zake. Basi bwana huyo, ambaye kwa hesabu zetu amefika katika mstari huu, tunamwomba ampeleke binti yule mafunzoni mwezi huu, na kumwajiri mfamasia wa kukaa dukani badala ya ukutani. Mchukuzi wetu anakaa nyumba ya tatu kutoka dukani pake, na mtoto ana mdogo wake.